Mayai kwa Mayai

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye migomba, Winfrida alifanya kazi zake kwa mpangilio uleule. Alifagia uwanja, akateka maji bombani, akamtilia ng'ombe majani horini, kisha akawafungulia kuku. Mwisho alimpelekea Bibi Mektrida chai chumbani, kwa sababu nyonga ya Bibi ilimsumbua sana asubuhi na haikupenda kuharakishwa.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umelala?"

"Nimelala."

Mazungumzo yao ya asubuhi yaliishia hapo. Bibi alikuwa mwema, lakini maneno aliyatumia kama chumvi, kidogo kidogo. Winfrida alivaa sweta, akabeba mkoba wake, akashika njia ya shule peke yake.

Mambo hayakuwa hivyo wakati wa Krismasi. Ukitaka kuiona Mwika yenye watu, nenda Desemba. Magari kutoka Dar es Salaam, Arusha na Dodoma hupanda mlima yakiwa yamejaa watu na mizigo, nyumba zote hufunguliwa madirisha, na hata barabara ya vumbi huwa na foleni. Kwa Bibi Mektrida watoto walilala sakafuni kwenye magodoro, wamebanana, na aliyeamka kwenda chooni alirudi akakuta nafasi yake imeshachukuliwa. Wajomba walichinja mbuzi, kisha wakachinja na jogoo. Winfrida alicheka siku zile mpaka mbavu zikamuuma.

Baada ya Mwaka Mpya magari yaliteremka moja baada ya jingine. Mama yake, Justina, alikuwa amepata kazi Dodoma, na vyumba walivyokuwa wamepanga Soweto, mjini Moshi, walikuwa wamevirudisha kwa mwenyewe. Wakubwa walikaa kikao, wakaamua Winfrida abaki Mwika, asome darasa la sita huku akimsaidia Bibi. Hakuna aliyemuuliza anaonaje. Alisimama getini akapunga mkono mpaka gari likapotea kwenye kona. Aliporudi ndani alisikia saa ya ukutani ikigonga. Siku zote zile za kelele hakuwahi kujua kwamba nyumba ile ina saa ya ukutani.

Nyumba za jirani zilikuwa nzuri, za matofali na mabati ya rangi, lakini nyingi zilikuwa zimefungwa kufuli hadi Desemba nyingine. Winfrida alizipita kila siku akihesabu mageti, si kwa sababu alitaka kujua idadi yake, bali kwa sababu hakuwa na mtu wa kuzungumza naye njiani.

Angeweza kumpata mtu huyo shuleni, kama si kosa moja.

Kosa lenyewe lilitokea wiki ya kwanza ya masomo. Alikuwa njiani pamoja na watoto wengine walipokutana na Mzee Elimringi, jirani yao wa upande wa juu. Mzee alisimama, akamtazama Winfrida kwa upole, akamsalimia kwa Kichagga. Winfrida hakuelewa neno hata moja. Kule Soweto alikuwa akicheza na rafiki yake Maulida na watoto wa makabila yote, na lugha yao ilikuwa Kiswahili tu. Alijua jambo moja: ukisalimiwa lazima uitikie. Akababaika, akafungua mdomo, akajibu kwa sauti kubwa:

"Marahaba!"

Fikiria, mtoto wa miaka kumi na miwili anamwitikia mzee mwenye mvi "marahaba", kana kwamba mzee ndiye aliyemwamkia shikamoo! Watoto waliangua kicheko. Doris, mjukuu wa mzee mwenyewe, alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Kufikia mapumziko, darasa zima lilikuwa na habari, na Winfrida alikuwa na jina jipya: Bibi Marahaba.

Tangu siku hiyo alikula peke yake nyuma ya darasa, karibu na tangi la maji. Aliacha hata kupita mbele ya geti la Mzee Elimringi. Alizunguka kwa njia ya mfereji, ingawa ilikuwa ndefu na ilimtia matope viatuni. Aliporudi nyumbani Bibi alimuuliza, "Shule?" naye alijibu, "Nzuri."

Rafiki yake pekee alikuwa kuku. Si jambo la kujivunia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kuku mwenyewe alikuwa wa kishingo, shingo nyekundu isiyo na unyoya hata mmoja, na kwa uzuri asingeshinda mashindano yoyote. Winfrida alimwita Kishingo. Jioni alikaa kwenye kigogo karibu na banda akamsimulia mambo ya siku ile: alivyopata hesabu zote, au mwalimu alivyomsifu na hakuna aliyempigia makofi. Kishingo alimsikiliza kwa jicho moja huku akidonoa.

Katikati ya Februari Kishingo alibadilika. Alikaa kwenye kiota akakataa kutoka, akavimbisha manyoya, na kila alipoguswa alitoa sauti ya hasira.

"Huyo anataka kuatamia," alisema Bibi Mektrida, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alitabasamu. "Vizuri. Vifaranga vikitoka vitakuwa vyako, Winfrida. Vyote."

Winfrida aliruka kwa furaha. Pale Mwika hakuwa na kitu kilicho chake mwenyewe, na sasa angepata kundi zima la vifaranga la kumkimbilia atokapo shule.

"Safisha kiota," Bibi aliagiza. "Nyunyiza majivu chini ili utitiri usimsumbue, halafu tandika majani makavu ya mgomba. Kisha chukua mayai yale yaliyo kwenye bakuli, mpelekee Elimringi, yeye akupe ya kwake. Mayai kwa mayai. Mwambie ni ya kuatamiwa."

Bibi hakueleza sababu. Kwake yeye sababu ilikuwa wazi mno, hata hakufikiri kwamba yupo mtoto mlimani asiyeijua. Winfrida naye hakuuliza. Moyo wake ulikuwa umeshashtuka kwa kusikia jina la Elimringi.

Alibeba bakuli akapanda nalo. "Mayai kwa mayai!" aliwaza. "Nipande na mayai, niteremke na mayai? Yai si yai tu? Bibi amezeeka." Alipofika kwenye ua wa mimea ya masale unaozunguka nyumba ya mzee, alisikia kicheko cha Doris kutoka ndani. Huenda Doris alikuwa anachekeshwa na mbuzi, lakini mtu mwenye aibu hudhani kila kicheko ni chake. Winfrida aligeuka. Alikaa kando ya mfereji, bakuli mapajani, mpaka alipoona muda wa kwenda na kurudi umetosha. Kisha aliteremka, akayaweka mayai yaleyale chini ya Kishingo.

"Umemkuta Elimringi?" Bibi aliuliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Amesemaje?"

Uongo una tabia moja mbaya, haukubali kukaa peke yake. Winfrida aliona jibu fupi halitoshi, akaongeza: "Anakusalimia sana. Amesema siku moja atakuja kukuona."

Bibi Mektrida aliacha kuchambua maharage. "Amesema hivyo?"

"Ndiyo."

"Tangu mkewe afariki, yule rafiki yangu, sijasikia neno kutoka nyumba ile," alisema Bibi taratibu. "Mimi mguu hauniruhusu kupanda, na yeye hateremki. Haya. Ukimwona njiani mpe salamu zangu."

Kuanzia siku ya pili, Bibi alifanya jambo ambalo Winfrida hakulitarajia. Kila alasiri alijifunga kitenge chake kizuri cha kwendea kanisani, akakaa kwenye benchi la barazani, akatazama njia inayoteremka kutoka juu. Hakusema anamsubiri nani. Jua lilipozama aliingia ndani, akakikunja kitenge, na kesho yake akakifunga tena. Winfrida aliona haya yote, na moyo ukamuuma. Mara mbili alitaka kusema, na mara mbili alikwenda kumtazama Kishingo badala yake.

Wiki moja ilipopita, Bibi alimwita kwenye jiko la nje. Jiko lile halikuwa na dirisha, na mlango ukifungwa giza lake lilikuwa giza kwelikweli hata mchana.

"Leo tutapima mayai," alisema, akimpa kitochi chake, simu ndogo yenye taa. "Macho yangu yana mtoto wa jicho, utatazama wewe. Shika yai hivi, libane kwa vidole, mulika kutoka chini. Ukiona mishipa myekundu kama vijizizi, ndani mna uhai. Ukiona mwanga mtupu, hamna kitu."

Winfrida alilimulika yai la kwanza. Liling'aa rangi ya njano, safi kabisa, hamna hata doa. Alilimulika la pili, la tatu, mpaka akayamaliza. Yote yalikuwa yaleyale.

"Unaona nini?" Bibi aliuliza kutoka gizani.

Neno moja tu lingetosha. Angesema "mishipa", Bibi asingeweza kujua. Winfrida aliligeuza yai mkononi.

"Bibi, yakiwa matupu, kuku anajua?"

"Atajuaje? Kazi yake yeye ni kuatamia. Atakaa hapo, kula hataki, kutoka hataki, mpaka akonde abaki mifupa. Niliwahi kumkuta mmoja amekufa juu ya mayai viza."

Asubuhi ile Winfrida alikuwa amembeba Kishingo na kumwona mwepesi. Aliukumbuka uzito ule mdogo mikononi mwake, akaanza kulia.

"Yote ni matupu, Bibi. Ni mayai yetu. Sikwenda kwa Babu Elimringi. Nilifika kwenye ua nikarudi. Niliona aibu, kwa sababu ya ile marahaba, wananicheka wote, nikadhani yai ni yai tu..."

Bibi alifungua mlango, mwanga ukaingia.

"Jogoo wetu yuko wapi?" aliuliza.

"Tulimla Krismasi."

"Tulimla. Na paja moja ulikula wewe. Sasa mayai ya Februari yapate wapi mbegu? Kuku hutaga hata kama hakuna jogoo, mwanangu, lakini yai hilo ni la kukaanga. Halitoi kifaranga hata ukiliatamia mwaka mzima. Elimringi ana jogoo. Ndiyo maana ya mayai kwa mayai. Ungeniuliza ningekwambia."

Winfrida alifuta machozi kwa mkono wa sweta. Alisubiri kugombezwa, hata kuchapwa. Bibi hakufanya hivyo. Alitoka nje pole pole, akashika nguzo ya baraza.

"Kwa hiyo Elimringi hakusema atakuja," alisema.

"Hapana, Bibi."

"Wala hakunisalimia."

"Hapana."

Bibi Mektrida alikifungua kitenge cha kanisani, akakikunja, akaingia nacho ndani. Winfrida alibaki uwanjani. Angependa achapwe, maana fimbo ingeisha haraka.

Kesho yake asubuhi, siku ya Jumamosi, Bibi aliweka bakuli la mayai mapya mezani. "Kuku bado ana joto la kuatamia," alisema. "Mwache na yale yale kwa sasa asije akasusa kiota. Akipata mengine leo, anaweza. Lakini mimi sikuamrishi kwenda. Uamue mwenyewe."

Njia ya kwenda juu ilikuwa ileile, ila siku hiyo Winfrida aliiona ndefu zaidi. Kwenye ua wa masale miguu yake ilisimama yenyewe. Kila kitu ndani yake kilimwambia arudi. Akamfikiria Kishingo aliyekaa juu ya mayai yasiyokuwa na kitu, akingoja kwa imani yote. Akamfikiria na Bibi barazani. Akapiga hodi.

Mzee Elimringi alikuwa akipogoa mikahawa. Doris alikuwa akifua nguo pembeni.

"Shikamoo Babu," alisema Winfrida.

"Marahaba," mzee alijibu, kisha akamtazama vizuri na kuvua kofia. "Ngoja kidogo. Wewe si ndiye uliyepokea shikamoo ambayo sikuitoa?"

Doris aliinama kwenye beseni. Winfrida hakukimbia. Alisema yote kwa pumzi moja: kuku, jogoo wa Krismasi, mayai matupu, na jinsi alivyofika pale wiki iliyopita akarudi. Kisha akafika kwenye sehemu ngumu.

"Na pia nilimdanganya Bibi kwamba umemsalimia, na kwamba utakwenda kumwona. Amekungoja wiki nzima barazani. Nisamehe, Babu."

Mzee Elimringi aliweka mkasi wa kupogolea chini. Uso wake haukuwa na mzaha tena.

"Mektrida ameningoja mimi?"

"Ndiyo. Alisema nikupe salamu zake, lakini sikuzileta."

"Basi leo umezileta," alisema mzee. "Zimepita njia mbovu, lakini zimefika. Mtoto, siku ile ya marahaba nilicheka njia nzima mpaka nyumbani. Tangu nimzike mke wangu nilikuwa sijacheka. Nilitaka nikuone nikushukuru, wewe ukawa unapita kule mferejini kama mwizi wa ndizi."

Winfrida hakujua alie au acheke. Doris alifuta povu mikononi, akasogea.

"Lile jina nililianzisha mimi," alisema akiangalia miguu yake. "Nilidhani unaringa, kwa sababu umetoka mjini na kila mapumziko unajitenga."

"Nilijitenga kwa sababu mnanicheka."

"Na sisi tulizidi kukucheka kwa sababu unajitenga," Doris alisema. "Nisamehe, Winfrida." Ilikuwa mara ya kwanza mtoto yeyote wa Mwika kumwita kwa jina lake.

Mzee aliwaongoza hadi kwenye kikapu cha mayai. Aliwafundisha kuchagua: yasiwe makubwa kupita kiasi wala madogo mno, yasiwe na ufa, yasiwe ya zamani, na yakiwa machafu kidogo yasioshwe kwa maji. Aliyapanga kwenye bakuli juu ya pumba, ncha nyembamba ikitazama chini. Kisha akachukua yale ya Winfrida.

"Lakini, Babu, hayo hayana mbegu," Winfrida alimwambia.

"Najua. Haya nitakaanga," mzee alijibu. "Mayai kwa mayai. Usipoleta kitu utaona haya kurudi tena, na mimi nataka urudi. Mwambie Mektrida vifaranga vikitoka nitateremka."

"Aika, Babu," alisema Winfrida. Aika ni asante, na lilikuwa neno pekee la Kichagga alilokuwa na uhakika nalo. Mzee alicheka tena.

Doris alimsindikiza, wakipokezana bakuli. Giza lilipoanza kuingia, wakati kuku hasumbuki na mayai mageni, Bibi akiwaelekeza, waliondoa mayai matupu na kuweka mapya. Kishingo alinguruma kidogo, akayasukuma kwa mdomo mpaka yakakaa anavyotaka, akatulia.

Safari hii Winfrida hakufanya kazi kwa kubahatisha. Kwa kuwa Kishingo alikuwa ameshapoteza wiki nzima, Bibi alisema lazima alishwe vizuri, la sivyo hatafika mwisho. Kila siku Winfrida alimtoa mara moja, akampa chenga za mahindi na maji safi, akamwacha ajigaragaze vumbini, kisha akahakikisha amerudi kabla mayai hayajapoa. Walipopima tena, yeye na Doris walifungiana jikoni na kitochi. Ndani ya yai la kwanza waliona mishipa myembamba imetawanyika kutoka kwenye doa jeusi, na doa lenyewe likacheza. Doris alipiga kelele hadi ng'ombe akaitikia.

"Niambieni mnaona nini," Bibi alisema nje ya mlango.

"Uhai, Bibi," alijibu Winfrida. "Ila moja ni tupu. Nalitoa."

Hata hivyo, usidhani upweke uliondoka siku moja. Doris alikuwa na kazi zake kwao, na jioni nyingi nyumba ya Bibi ilikuwa kimya kama zamani. Wako watoto walioendelea kumwita Bibi Marahaba. Bado alimkumbuka mama yake wakati wa kulala, akajifunika shuka kichwani. Lakini mapumziko alikuwa na mtu wa kukaa naye kwenye ngazi za darasa, na njia ya mfereji aliwaachia vyura.

Mvua za Machi zilikuwa zimeanza siku mayai yalipoanza kulia. Ndiyo, yalilia: ukiweka sikio karibu ulisikia sauti ndogo ndani ya ganda. Yai moja lilikuwa na tundu dogo, na mdomo mdogo ukigonga, ukipumzika, ukigonga tena. Winfrida alinyoosha mkono alibandue ganda.

"Mwache," Bibi alisema. "Ukimbandua utamtoa damu. Mama yake yupo."

Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote, kukaa bila kufanya kitu. Kufikia mchana wa siku ya pili, vichwa vidogo vilikuwa vikichungulia chini ya mabawa ya Kishingo, vya njano, vya kahawia, na kimoja chenye shingo isiyo na manyoya, maana kwa mzee pia walikuwepo kuku wa kishingo, cha kuchekesha kama mama aliyekiatamia. Mayai mawili hayakuanguliwa. Mengine yote yalianguliwa.

Alasiri mvua ilikatika, na mzee mmoja akaonekana akiteremka njia kwa uangalifu, mkono mmoja umeshika fimbo na mwingine umeshika bega la Doris. Bibi Mektrida hakuwa amevaa kitenge kizuri. Alikuwa na khanga ya jikoni yenye masizi. Alisimama hivyo hivyo. Wazee wawili walisalimiana kwa Kichagga, zile salamu ndefu za kuulizia watoto, ng'ombe, migomba, na nyonga pia. Winfrida alielewa karibu nusu yake, maana Doris alikuwa akimfundisha wakati wa mapumziko.

Walipokwisha kuvitazama vifaranga, walikaa barazani wakinywa chai. Winfrida alikuwa na swali lililokuwa likimkera siku nyingi.

"Bibi, kwa Mama Denis, hapo chini tu, kuna jogoo wa kufungiwa bandani. Anawika kila asubuhi. Kwa nini ulinituma huko juu kote?"

Bibi alizungusha kikombe mikononi kabla ya kujibu.

"Kwa sababu kwa Mama Denis hakuna mtoto wa rika lako," alisema. "Nilikuwa nakuona ukizungumza na kuku. Macho yangu mabovu, lakini si kiasi hicho. Nikasema, nikimtuma kwa Elimringi atakutana na Doris. Na mimi nitapata habari za nyumba ile. Badala ya kusema hivyo, nikatuma mayai."

Mzee Elimringi alitikisa kichwa. "Hata mimi ningeweza kuteremka siku nyingi. Nilikuwa nangoja niitwe."

"Sikilizeni, wanangu," Bibi aliendelea. "Yai lisilo na mbegu, kwa nje, ni yai kabisa. Utalipa joto, utalipa muda wako, mwisho halikupi kitu. Uongo ni hivyo hivyo. Winfrida, uliniletea salamu nzuri, nikaziatamia hapa barazani wiki nzima. Kikatoka nini?"

"Hakikutoka kitu," Winfrida alisema, akainamisha kichwa.

"Lakini uliposema kweli, tazama waliokuja. Kwa hiyo msiseme uongo. Na jambo usilolijua, uliza; kuuliza si ujinga. Tena shida usiifunike. Wahenga walisema, mficha uchi hazai."

Wasichana walitazamana, wakaziba midomo kwa neno lile.

"Chekeni, lakini mlishike," alisema Bibi. "Mimi nilificha upweke wangu, wewe ukaficha wako, tukawa wawili ndani ya nyumba moja kila mtu anakaa peke yake."

Kicheko kilimwisha Winfrida. Chini barazani Kishingo aliita, vifaranga vikamkimbilia.

"Nilikuwa mpweke sana, Bibi," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema jambo hilo kwa mtu. "Hata leo, kidogo."

"Najua," Bibi Mektrida alijibu. "Sasa umesema." Akasogea kwenye benchi, akampa nafasi.